Mashamba Yaliyoko Baharini

Mvua za vuli zikishika bara na upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Kwanza huonekana mstari upande wa Mambrui, mwembamba, mwekundu uliochujuka. Baada ya siku chache mstari umepanuka, umeshuka kusini, na ghuba imefunikwa mpaka kwenye mwamba. Watoto huendelea kuoga. Wavuvi wa kamba hutengeneza nyavu zao, maana kamba hupenda maji ya tope. Wavuvi wa mshipi hupiga makasia kwenda mbali zaidi, kutafuta maji ya buluu.

Ni jambo la kila mwaka, na jambo la kila mwaka halina matanga. Mtu akifa jamvi hutandikwa, majirani huja, hata asiyemjua marehemu hukaa kidogo na kuinamisha kichwa. Nyumba ikiungua watu hukimbia na ndoo. Lakini udongo unapopita mbele ya macho yetu, tani kwa tani, ukitoka kwenye mashamba ambayo hatujawahi kuyakanyaga na kuingia kwenye maji ambayo hayataurudisha, tunasema tu kwamba mto umejaa. Kisha kila mtu anashika njia yake.

Mimi naona vigumu kushika njia yangu. Nikiyatazama maji yale najiuliza: hiki kinachopita ni nini? Ni uchafu? Ni shamba? Na kama ni shamba, ni la nani, na mwenyewe anajua kwamba limefika huku?

Mto unaoyaleta haya huanza kwa jina jingine. Huanzia kwenye miteremko ya Ngong na kingo za nyanda za juu za Kiambu, ukiitwa Athi, ukipokea mito ya Nairobi pamoja na yote ambayo jiji limeitwika. Karibu na Ol Donyo Sabuk hupinda, ukaelekea kusini mashariki. Huambaa na uwanda wa Yatta kwa masafa marefu, ukikusanya vijito vya Machakos, Makueni na Kitui. Ndani ya hifadhi ya wanyama ya Tsavo hukutana na mto Tsavo, wenye maji ya Kilimanjaro na ya chemchemi za Mzima, maji yaliyochujwa na mawe ya volkano ya Chyulu hadi yakang'aa. Kutoka hapo ni Galana. Ukikaribia pwani ni Sabaki. Bonde lake lote ni takriban kilomita za mraba 70,000.

Huenda ndiyo sababu habari ya msiba haifiki. Aliyepoteza kule juu huutazama mto unaoitwa Athi. Anayepokea huku chini husimama kando ya mto unaoitwa Sabaki. Taarifa hukatikia katikati, kwenye pori la Tsavo, ambako wanaoshuka mtoni jioni ni tembo.

Lakini yuko mmoja aliyekuwa akiweka kumbukumbu.

Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, kuna matumbawe makubwa ya mviringo ya jamii ambayo wanasayansi huiita Porites. Hukua polepole, sentimita moja hivi kwa mwaka, tabaka juu ya tabaka. Chembe za udongo zinazosafiri na mto huwa zimeshikilia madini ya bariamu. Zikikutana na maji ya chumvi huyaachia, nayo huyeyuka baharini, na tumbawe linapojenga mwili wake wa chokaa huyachukua kidogo pamoja na kalisi. Mwaka wa tope jingi, bariamu nyingi. Mwaka wa tope haba, bariamu haba. Watafiti walilitoboa tumbawe moja, wakatoa mche mwembamba wa mwamba, wakausoma tabaka kwa tabaka. Walichokisoma kilichapishwa mwaka 2007. Tumbawe lile lilikuwa limetunza habari za miaka 300 hivi.

Kutoka mwaka 1700 mpaka 1900, kiwango kinabaki karibu palepale. Si kwamba hapakuwa na mafuriko wala ukame. Vilikuwapo, vikapita, na mto ukarudia hali yake. Katika karne hizo mbili mji wa Malindi wenyewe uliwahi kuwa magofu yaliyomezwa na vichaka, kisha ukafufuliwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ukajaa mashamba ya mtama yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Enzi zilikuja na kuondoka ufukweni, na chini ya maji tumbawe likaendelea kujenga tabaka zake, kiasi kilekile, kiasi kilekile.

Baada ya 1900 kiwango kinaanza kupanda. Hakirudi tena. Kilele chake ni kati ya 1974 na 1980, ambapo udongo uliofika baharini ulikuwa mara tano hadi mara kumi ya ule wa asili.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Kiumbe kisicho na macho wala masikio, kilichoganda chini ya bahari, kimetunza hesabu ya mashamba yaliyo mamia ya kilomita kutoka kwake. Sisi tulikuwa na mabwana shamba, madaftari, ramani za rangi, mikutano ya machifu. Bado hakuna daftari letu hata moja linalofika mbali kiasi hicho. Je, hasara isiyoandikwa na mtu ni hasara? Ilikuwapo kabla ya tumbawe kusomwa, au ilizaliwa siku ile mtu alipoinama juu ya mche wa mwamba na kusema, hapa, hapa ndipo nchi ilipoanza kuondoka?

Najua jibu ambalo nyanya angenipa. Nyanya, mzaa mama, alilima Mbooni, Ukambani, kwenye vilima ambavyo maji yake huteremkia mto Thwake, na kutoka Thwake huingia Athi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mwembe wa zamani. Mizizi yake ilisimama juu ya ardhi, minene, na nilipokuwa mtoto niliweza kujilaza chini yake na kupitisha mkono hadi upande wa pili. Nilidhani miembe yote iko hivyo. Siku moja nikamuuliza mbona mti huu umejinyanyua.

Alikuwa akipepeta mbaazi. Alimaliza ungo wote kwanza.

"Haujajinyanyua, mjukuu wangu. Ni nchi iliyoshuka."

Kisha akasimama, akaja hadi kwenye shina, akaniwekea kidole pale ambapo gome linabadilika rangi. Udongo ulikuwa ukifika hapa, akasema, mwaka nilipoolewa. Kidole chake kilikuwa juu ya goti langu. Chini ya kidole, mpaka nilipokanyaga, palikuwa na hewa tupu. Nilitazama ile nafasi. Nilikuwa mdogo, sikuwa na maneno, lakini nakumbuka nilihisi kwamba natazama kitu kilichokuwapo.

Udongo huondoka kwa namna ambayo haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele. Tone la mvua likianguka juu ya ardhi isiyo na kifuniko huipiga kwa nguvu isiyolingana na udogo wake. Chembe hurushwa huku na huku. Zile laini huziba vitundu ambamo maji yangeingia, uso wa ardhi hufunga, na maji yanayofuata, yakikosa pa kuzama, hutafuta pa kukimbilia. Mwanzoni hutembea yametandaa na jicho haliyaoni. Halafu hupata vifereji. Vifereji hukutana, na siku moja mtu anaamka anakuta korongo mahali alipokuwa akipita na punda. Kinachotangulia kuondoka ni tabaka la juu, lile jeusi, lenye samadi na majani ya miaka yote. Kinachobaki ni kigumu, na kina njaa.

Sentimita chache za udongo wa namna ile huhitaji mamia ya miaka kuumbika. Mvua kali chache zinatosha kuziteremsha.

Basi nyanya alipoteza lini? Hakuna siku. Kama ingekuwapo siku, tungeikumbuka, tungeikalia. Aliamka kila asubuhi kwenye shamba lilelile, akalima mistari ileile, akavuna kidogo pungufu ya mwaka uliopita na kusema mvua haikuwa nzuri. Shamba lilikuwa likimwacha huku yeye amesimama juu yake. Naona hii ndiyo hasara iliyo ngumu kuliko zote: ile ambayo haikupi hata mlango wa kusimama na kuaga.

Tena kuna swali la nani aliyeanza. Tumbawe halitaji majina, linataja miaka tu, lakini miaka inasema. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Baada yake wakaja walowezi, na mipaka, na amri kwamba hapa ni pa fulani na hapa si penu tena. Vilima vya Mua vikachukuliwa. Malisho ya Yatta, ambako Wakamba walikuwa wakiswaga mifugo wakati wa kiangazi ili nyumbani papumzike, yakawekewa masharti. Watu na ng'ombe wakabanwa kwenye rizavu. Mteremko uliokuwa ukilimwa na kuachwa ukawa wa kulimwa kila mwaka, kwa sababu hapakuwa na pengine. Nzige na ukame vikafuatana. Kufikia miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechubuka kiasi cha kuitisha serikali ileile iliyoviwekea uzio.

Mwaka 1938 ikapatikana dawa: ng'ombe ni wengi mno, wapunguzwe kwa lazima. Wakakamatwa, wakapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Julai mwaka huo maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa, wakitaka kusikilizwa na gavana. Serikali ililegeza kamba. Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu.

Lamu. Kila nikifika hapa katika hadithi hii nasimama. Mtu aliyesema kwa niaba ya malisho ya Ukambani aliondolewa kwao na kuwekwa kando ya bahari ileile ambayo udongo wa malisho hayo ulikuwa ukiingia kila mvua. Walihamishwa wote wawili, yeye kwa amri, udongo kwa maji. Je, aliwahi kusimama ufukweni akatazama upande wa kusini, ambako Sabaki humwaga mzigo wake? Aliwahi kuwaza kwamba nchi anayoililia inamfuata pwani chembe kwa chembe?

Siwezi kukubali kwamba ng'ombe ndio walioanza. Ng'ombe walikuwako kabla ya 1900, na tumbawe lilikuwa limetulia. Lakini nikiisoma ile kumbukumbu kwa haki, haki hiyo inanichoma na mimi. Kilele hakikuja wakati wa gavana. Kilikuja kati ya 1974 na 1980, bendera ikiwa yetu, machifu wakiwa wetu, vyeti vya ardhi vikiwa na majina yetu. Watu walikuwa wameongezeka upesi, misitu ilikuwa ikikatwa, miteremko na kingo za mito zililimwa bila mtu kuuliza, na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 uliiacha ardhi uchi kabla ya mvua kurudi. Jeraha tulilirithi, ni kweli. Lakini kwa nini lilipanuka mikononi mwetu? Mtu aliyenyang'anywa akarudishiwa nusu, akaikamua ile nusu mpaka ikatoa damu, tumlaumu au tumlilie?

Tusiseme pia kwamba Ukambani ilikaa kimya ikijitazama inavyokwenda. Watu walichimba. Waliungana katika vikundi vya mwethya, majembe na sururu mkononi, wanawake wakiwa wengi, wakachimba mitaro ya fanya juu kwa kufuata usawa wa kilima: udongo unatupwa upande wa juu, unakuwa tuta, tuta linapandwa nyasi, na baada ya misimu kadhaa nyuma ya tuta ardhi inalala. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka karibu mara sita, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Kitabu hicho nakiheshimu. Wapo waliokibishia, lakini kilisema jambo ambalo walioikatia tamaa nchi hii hawakulitarajia, kwamba mikono mingi inaweza kuwa salama ya ardhi.

Nyanya naye alichimba. Matuta yake yapo mpaka leo, na nyasi juu yake. Lakini tuta hushika kilichobaki. Ile nafasi tupu kati ya kidole chake na mguu wangu haikujaa. Kuna watu wanaoita hali hiyo kupona, nami sina neno bora zaidi, ila najiuliza mtu hupona kutoka nini ikiwa alichopoteza kinaendelea kukosekana kila siku, na yeye amejifunza tu kuishi kando ya pengo lake.

Si udongo wote hufika baharini, hilo nalo linafaa kusemwa. Chembe laini husafiri mbali. Mchanga mzito huchoka mapema, ukalala kwenye vitanda vya mito ya msimu, na hapo hutokea jambo ambalo hunifanya nisite kuiita hasara hasara. Kiangazi kikikolea na mto ukiwa mkavu juu, mwanamke hupiga magoti katikati ya kitanda cha mchanga, akachimba kwa kata na mikono. Kwanza mchanga mkavu, unaomwagika na kujaza shimo tena. Kisha mbichi. Kisha, akifika kina cha mkono mzima, chini panaanza kung'aa. Maji hayatoki kwa kishindo. Yanajikusanya, kwanza yenye vumbi, na akiwa na subira yanatakata, naye anateka kibuyu kidogo kidogo huku ng'ombe wakipumua nyuma yake. Kilichoyahifadhi maji yale jua lisiyanywe ni mchanga ulioteremka kutoka vilimani. Watu wa huko wamejenga kuta za mawe kukatisha mito ili mchanga zaidi ulale na maji zaidi yabaki. Wanaizuia hasara njiani, wanainywa.

Nako huko malori huja usiku. Nairobi inajengwa, na ghorofa zinataka mchanga. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, kwa sababu mto ukikombwa mchanga visima vyake hukauka. Sehemu ya kilima cha Mbooni huenda sasa iko ndani ya ukuta wa mtu anayelala ghorofa ya saba, asiyejua kwamba kichwa chake kimeegemea shamba.

Turudi pwani. Ukivuka daraja la Sabaki na kukata kuelekea Mambrui, utakuta ufuo unaometameta. Wageni huuita wa dhahabu. Jua likiwa limeinama, mchanga wote huwaka, na ukiuchota na kuuacha upite katikati ya vidole, vinabaki kiganjani vijipande vyembamba, bapa, vyepesi, vinavyong'aa pande zote mbili. Ni ulanga. Ulanga huo umo kwenye miamba ya kale ya bara, na hung'aa vivyo hivyo kwenye njia za miguu za Mbooni baada ya mvua. Nilikua nikiuokota kule na kuubandika kwenye kucha. Nilipouona Mambrui kwa mara ya kwanza sikufurahi kama wageni wanavyofurahi. Nilihisi nimemkuta mtu wa kwetu mahali ambapo hakuaga kwamba anakwenda.

Palikuwa na mzee amekaa kivulini akitia viraka wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watafuta nini mchangani?"

Nikamwambia nautazama tu. Akatazama kiganja changu, akatazama bahari, akanyoosha sindano ya kushonea nyavu kuelekea miguuni pangu. "Hapo uliposimama, baba yangu alikuwa akifunga dau. Maji ya kifua." Bahari ilikuwa mbali mbele yetu, mwendo wa kuchosha kwenye jua. Aliyasema yale bila huzuni na bila furaha, akarudia viraka vyake.

Ghuba ya Malindi imekuwa ikijaa hivyo. Ufuo umesogea mbele, na hoteli zilizojengwa zamani mbele ya mawimbi zimejikuta zimeachwa nyuma na bahari. Vilima vya mchanga vimeinuka kando ya mdomo wa mto, upepo unavisukuma, vinatembea. Kwenye matope ya mdomo wa Sabaki mikoko imeshika, na ndege wa pwani hushuka kwa maelfu msimu wa kaskazi ukifika, heroe miongoni mwao, wakipekua tope lile kwa midomo. Wanakula kwenye shamba la nyanya, naweza kusema. Wananenepa juu yake, wanaruka kwenda zao.

Je, hiyo ni faraja? Nimejaribu kuifanya iwe. Nimejiambia kwamba hakuna kilichopotea, kila chembe ipo, imehamia tu upande mwingine wa nchi, na pale ilipotoka palipungua ili hapa paongezeke. Ni hoja nzuri, na hainishiki. Kwa sababu udongo haukuwa chembe tu. Ulikuwa mpangilio: mizizi iliyooza mahali pake, samadi iliyobebwa kwa karai kutoka zizi fulani, mikono ya watu fulani, kina ambacho mbegu ya mahindi ilikijua. Ufukweni chembe zote zimefika na mpangilio haupo. Tukimzika mtu, hatusemi hajapotea kwa kuwa chembe zake zingalipo.

Na mwamba, je? Tulizoea kuogopa kwamba tope lingeuua. Tope hufunika matumbawe, huyanyima jua, huyachosha kwa kujisafisha. Lakini watafiti walipolinganisha miamba ya Malindi na ile ya Watamu, iliyo mbali na mto, miaka ya 1990, hawakukuta kifo walichokitarajia. Walikuta matumbawe hai, ya aina nyingi, zile zinazovumilia tope zikiwa zimeshika nafasi kubwa zaidi. Mwamba ulibadili wakazi wake, ukaendelea. Kisha mwaka 1998 maji ya bahari yakapata joto kupita kiasi, na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa kwa wingi, kwa sababu isiyohusiana kabisa na Sabaki. Ulijiandaa kwa msiba mmoja, ukaja mwingine. Hapa sioni somo. Naona tu kwamba kiumbe kinaweza kuvumilia karne nzima ya udongo wa watu, kikauawa na miezi michache ya joto.

Sasa Thwake inajengwa. Mahali ambapo mto Thwake unaingia Athi, chini kidogo ya vilima vya nyanya, linainuka bwawa la kuhifadhi mamilioni ya mita za ujazo za maji kwa ajili ya kunywa, kumwagilia na kuzalisha umeme. Watu wa Makueni wamelisubiri kwa miaka. Nami nalitaka. Nimeona urefu wa foleni ya vibuyu kwenye mchanga.

Lakini maji yakisimama, tope huzama. Ndivyo ilivyo kwenye mabwawa yote. Masinga, kwenye mto Tana, limekuwa likijaa tope tangu lilipokamilika mwaka 1981. Sehemu ya mzigo wa Athi itaishia Thwake na kulala kwenye sakafu ya bwawa, tabaka juu ya tabaka, na mto utashuka kuelekea Tsavo na pwani ukiwa mwepesi kuliko ulivyozoea kuwa. Mto mwepesi una njaa: hula kingo zake. Ufuo uliozoea kuletewa mchanga, ukiacha kuletewa, huanza kutoa ulio nao. Bahari itaidai ile nafasi ambapo baba wa yule mzee alikuwa akifunga dau, na vilima vya Mambrui vitakatwa kwa chini. Watu waliojenga juu ya ardhi mpya watasema wanaibiwa ardhi yao, na watakuwa na haki ya kulia, maana wengine wao watakuwa wamezaliwa hapo. Wakati huo nani atawaambia kwamba ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla yao, vilimani, na kwamba nao hawakupewa nafasi ya kulia?

Na chini ya maji, matumbawe yaliyobaki yataendelea kujenga, sentimita moja hivi kwa mwaka, yakichukua kilichopo. Bariamu itakuwa imepungua. Mtu atakayeyasoma karne ijayo ataona mstari umeteremka, akaandika kwamba kuanzia miaka hii nchi ya juu ilianza kutulia. Huenda akawa sahihi, ikiwa matuta yameshika na vilima vimevaa miti. Au udongo utakuwa ungali unaondoka vilevile, kutoka chini ya miembe ya watu wengine, ukiishia gizani kwenye bwawa mahali ambapo hakuna kiumbe wa kuuandika. Atajuaje ni lipi?